Binti yangu, kuhusu chuo

Kigoma, Julai

Binti yangu,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu, na wadogo zako kila siku wanauliza utarudi lini kutoka kwa mama mdogo. Matokeo yako tumeyashangilia nyumba nzima. Sasa nijibu swali lako, maana ni zito na simu hii ya kukatikakatika isingelitosha.

Umeniandikia kwamba mchungaji anakushauri uombe St. John's ya Dodoma kwa kuwa ni chuo cha Kanisa letu la Anglikana. Kaka yako anakuvutia UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma cha serikali. Na wewe mwenyewe umeona kwamba ualimu wa elimu maalumu unafundishwa pia AMUCTA, pale Tabora, ila unasita kwa sababu ni chuo cha Wakatoliki. Ukamalizia: "Baba, kijana aliyeokoka anachaguaje chuo?"

Ninavyoamini mimi, anaanza kwa kuuliza Mungu amemwekea kazi gani mikononi. Ndipo aulize kazi hiyo inafundishwa vizuri wapi. Ndipo aulize huko atakuwa anasali na nani. Watu wengi kanisani kwetu wanaanzia mwisho: wanasoma jina lililoandikwa getini, wakikuta la mtakatifu wanashusha pumzi, mambo ya kozi yatajulikana mbele ya safari. Nawaelewa, ni wazazi na wana hofu. Lakini hofu ya mzazi haitoshi kumchagulia mtoto kazi ya maisha yake.

Kazi yako naijua. Tangu kwaya ya vijana ilipokwenda Kabanga, Kasulu, ukarudi na ishara za mikono ulizofundishwa na watoto wasiosikia, ukawa unawafundisha wadogo zako wakati wa kula mpaka ugali unapoa. Ulikuwa kidato cha pili. Uliniuliza kwa nini pale shuleni kuna watoto wengi wenye ualbino, nikakueleza habari za ile miaka ya 2008 na iliyofuata, watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo, na watoto wakapelekwa pale wapate kulindwa. Ulinyamaza kidogo, kisha ukasema, "Kumbe hawa ndio wanaohitaji walimu wazuri kuliko sisi." Mimi neno hilo naliita wito. Basi chuo chochote tutakachokitaja, nakipima kwa watoto wale.

Kwa kipimo hicho, St. John's ni chuo ninachokiheshimu. Kilianza mwaka 2007 pale palipokuwa shule ya Mazengo, na ungetaka uuguzi au ufamasia ningekupandisha treni mwenyewe uende huko. Lakini mchungaji amekitaja kwa sababu ya kanisa; kozi yako hajaiuliza. Mweleze kwa adabu unachotaka kusomea na kwa nini. Ni mtu anayesikiliza, na anakupenda.

Tena mwambie na hili, maana wengi hawalijui. Shule ya wasioona ya Buigiri, kule Chamwino mkoani Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Wakatoliki mwaka 1963, ikiwa ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu. Walioanza kazi ile walimwona mtoto ambaye wengine walimficha ndani, wakamtafutia dawati. Kwa hiyo elimu maalumu, hata ukiisomea kwenye chuo cha serikali, ni shamba ambalo makanisa yalitangulia kulilima. Ukiingia darasani kumfundisha mtoto asiyeona kusoma nukta nundu, hapo uko kwenye utumishi sawasawa na anayehubiri Jumapili. Nakuomba ulishike hilo kabla hujahesabu vyuo, kwa sababu mtu akijua masomo yake yenyewe ni ibada, haulizi tena kama anaruhusiwa kusomea mahali ambapo hakuna msalaba ukutani.

Sasa Ukatoliki. AMUCTA ni chuo kishiriki cha SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza, na kimepewa jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo wa Tabora. Udahili wake unafuata vigezo vya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama vyuo vingine vyote: wanaangalia alama zako, cheti cha ubatizo hakimo kwenye vigezo. Wanasoma huko Wamoraviani, Wapentekoste, na Waislamu. Komunyo yao ina utaratibu wake, nawe uuheshimu bila kununa. Kanisa lako utalikuta: Waanglikana wana Dayosisi ya Tabora tangu mwaka 1989. Usiende kwa watu hao ukiwa na moyo wa kuwahesabu makosa. Utafundishwa na mapadre na masista waliotumia ujana wao kwa watoto ambao wewe unataka kuwahudumia, na mwanafunzi anayemdharau mwalimu wake kwa dhehebu hujinyima mwenyewe.

Kaka yako naye anasema chuo cha dini ni cha waliokosa cha serikali. Hapo amekosea, na nimemwambia. Mama mmoja wa kanisani anasema chuo cha serikali kinaua imani. Huyo naye nampinga. Mwalimu Nyerere aliingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937 akiwa hajabatizwa. Ubatizo aliupata mwishoni mwa 1943, akiwa amekwisha kuanza Makerere, ambayo nayo haikuwa ya kanisa. Alipomaliza Makerere akarudi Tabora kufundisha St. Mary's, shule ya mapadre. Shule ya serikali haikumzuia kumfikia Kristo, na shule ya mapadre haikumpunguzia akili ya kuongoza nchi. Na shule hizo zote mbili zilikuwa katika mji uleule unaoogopa kwenda kusoma.

Lakini usidhani nakwambia chuo ni chuo tu. Sijasema hivyo. Miaka yote hii ya kazi reli nimewapokea na kuwasindikiza wanafunzi wa vyuo kwenye behewa za daraja la tatu, na wakati mwingine safari ndefu huwafungua midomo. Walioanguka kiimani huko niliozungumza nao, wachache sana walishindwa na hoja za mhadhiri. Walishindwa na upweke wa muhula wa kwanza. Bumu, yaani fedha ya mkopo, linaingia, simu mpya inanunuliwa, chumba cha geto kinapangwa na rafiki aliyefahamika juzi, Jumapili ya kwanza mtu amechoka, ya pili anaona aibu kwenda kanisa asilolijua, ya tatu hakuna anayemuuliza. Hayo yanatokea Dodoma na yanatokea Tabora, na geti la chuo cha kanisa halizuii hata moja.

Ndiyo maana swali la utasali na nani nimeliweka la mwisho bila kulidharau. Danieli alipelekwa Babeli akafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, akaisoma na kufaulu, na tunapenda kumsifia kwa kukataa chakula cha mfalme. Soma tena sura ile ya kwanza: hakuwa peke yake. Walikuwa wanne, wote wana wa Yuda. Kwa hiyo kabla hujafungua begi, uwe na namba ya mtu mmoja wa umoja wa wanafunzi Wakristo. Wewe ulikuwa UKWATA sekondari, huko juu utawakuta USCF, na kuna TAFES inayowakusanya wa madhehebu mbalimbali. Wapentekoste wana CASFETA, Wakatoliki wana TMCS, nao ni ndugu zako. Wiki ya kwanza uende, hata kama kichwa kinauma.

Na hapa nikuonye kama baba. Si kila kundi linalotaja jina la Yesu linamtakia mwanafunzi mema. Ukiambiwa uache mtihani wa majaribio kwa sababu ya mkesha, kwamba Bwana atakukumbusha ambacho hukusoma, ondoka. Ukiambiwa na mtu anayejiita nabii utoe bumu lote kama mbegu, ondoka haraka zaidi. Fedha ile ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kila mwezi mpaka liishe. Toa sadaka yako kwa furaha kama tulivyokulea, ila mtu asikunyang'anye chakula cha mwezi kwa kutumia Biblia. Kuna watoto wa watu waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza wakiwa viongozi wa maombi, na wazazi wao mpaka leo hawajui wamlaumu nani. Kusoma kwa bidii ni sehemu ya utii wako kwa Mungu. Sitaki mtu yeyote akutenganishie mambo hayo mawili.

Kuhusu uamuzi wenyewe, umeniomba nisikufiche ninachopendelea. Mimi napendelea Tabora. Kozi ipo, shule ya viziwi iko mji huohuo, na ukiwa na moyo unaweza kwenda kujitolea Jumamosi ukajifunza lugha ya alama kwa wenyewe kabla hujafundishwa darasani. Toka hapa ni kama kilomita 400 kwa reli, Dodoma ni mara mbili yake, na mama yako anaweza kukutumia dagaa na mawese kwa mtu tunayemjua. Matumizi ya Tabora nayo ni mepesi kuliko ya makao makuu. Kinachonitia wasiwasi ni ada, kwa sababu chuo binafsi kikiwa na ada ya juu na mkopo ukaja pungufu, tofauti ni yangu, nami mshahara wangu unaujua. UDOM kuna elimu maalumu pia, ada ni nafuu, na Buigiri haiko mbali. Kwa hiyo omba vyote viwili. Ukipata Tabora na mkopo wa kutosha, nenda. Mkopo ukiwa mdogo, nenda Dodoma kwa amani kabisa, wala usione kwamba umemkimbia Mungu. Bodi ya Mikopo haibagui chuo cha serikali na cha kanisa, mradi kiwe na ithibati.

Na hilo la ithibati uliangalie kwa macho yako kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu. Tafuta kozi yenyewe kwa jina na alama wanazotaka, usiridhike na jina la chuo. Vituo kadhaa vya vyuo vikuu nchini, na vya makanisa vikiwemo, viliwahi kufungwa au kuzuiwa kudahili, wanafunzi wakahamishwa katikati ya masomo. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja tu ndani ya muda kwa ile namba watakayokutumia. Usimpe mtu mwingine namba hiyo, hata kaka yako.

Cheti chako cha kuzaliwa kiko kwenye uhakiki RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kwa ajili ya maombi ya mkopo. Mdhamini nitakuwa mimi. Nakala ya kitambulisho changu utaipata pamoja na barua hii, picha ndogo nitakutumia wiki ijayo. Mwanasheria wa kugonga muhuri mtafute huko huko na mama mdogo. Jaza maombi mapema, halafu nipigie Jumapili jioni tuyapitie pamoja kabla hujayatuma.

Baba yako