Kuacha Kazi Marekani: Maswali ya Wasomaji

Swali: Nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee hapa Texas. Msimamizi anasema siwezi kuacha kazi bila notisi ya wiki mbili. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, isipokuwa kama ulitia saini mkataba unaosema hivyo. Karibu kote Marekani, ajira isiyo na mkataba wa muda maalumu inaweza kuvunjwa na upande wowote, wakati wowote, bila kutoa sababu. Wiki mbili ni desturi tu, jambo ambalo aliyezoea notisi ya siku 28 ya Tanzania au Kenya huliona la ajabu. Hata hivyo, ukiweza itoe, kwa barua pepe yenye tarehe, maana mwajiri ajaye huenda akampigia simu msimamizi huyo huyo. Na katika kazi yako, usiondoke katikati ya zamu kabla ya kumkabidhi mzee kwa mwenzako: mwenye leseni ya uuguzi anaweza kushtakiwa kwa bodi yake.

Swali: Nikiondoka ghafla, wanaweza kuuzuia mshahara wangu wa mwisho?

Jibu: Hapana. Saa ulizofanya kazi lazima zilipwe. Kinachotofautiana ni lini. Texas, aliyeacha mwenyewe hulipwa kufikia siku ya mshahara inayofuata. California, aliyeacha bila notisi hulipwa ndani ya saa 72, na mwajiri anayechelewesha kwa makusudi hudaiwa ujira wa siku nzima kwa kila siku inayopita, hadi siku 30. Huko pia likizo uliyolimbikiza ni sehemu ya mshahara, ilhali Texas yategemea sera ya kampuni. Kabla hujaaga, piga picha za kumbukumbu za saa zako, kwani ukishaondoka huenda usiweze tena kuzifungua.

Swali: Nimetoa notisi, wakanifukuza siku hiyo hiyo. Wanaruhusiwa?

Jibu: Kwa kawaida, ndiyo, na siku ambazo hukufanya kazi hawalazimiki kuzilipa. Lakini omba mafao ya ukosefu wa ajira: anayeacha kwa hiari yake mara nyingi hunyimwa, ila aliyetimuliwa kabla ya tarehe aliyoitaja huweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa.

Swali: Bima ya afya je?

Jibu: Ikiwa mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi, sheria ya COBRA hukuruhusu kubaki na bima hiyo kwa kawaida hadi miezi 18, nawe una siku 60 za kuamua. Utalipa gharama yote mwenyewe, pamoja na sehemu aliyokuwa akikulipia mwajiri, kwa hiyo linganisha kwanza na bima zinazouzwa kwenye soko la bima la serikali, ambako mtu hujinunulia bima yake mwenyewe.