Maswali Yenu: Kuota Moto Usiku Kucha

Ninalinda shamba la viazi Makete. Julai hii nawasha moto mkubwa, lakini kifua kinaungua na mgongo unaganda. Nakosea wapi?

Moto hukupa joto upande unaoutazama tu, kwa kuwa joto lake husafiri moja kwa moja kama mwanga, na mgongo wako unabaki umeelekea anga tupu, ambalo usiku usio na mawingu huacha joto la ardhi na la mwili lipotee hadi sakitu ikatanda juu ya majani ya viazi. Kabla ya kuongeza kuni, tafuta kizuizi cha nyuma, kiwe kichuguu au magogo yaliyopangwa kufikia usawa wa bega, ukae kati yake na moto. Moto wenyewe uwe mrefu kama mwili wako, usiwe lundo la duara. Tena tandika nyasi kavu nyingi, hata zifike magotini, maana ukishazilalia hazizidi kimo cha kiganja, na ardhi ya huko hunyonya joto la mwili. Usilale bondeni kabisa, kwani hewa baridi ni nzito, nayo huteremkia huko.

Kuni zipi hufika alfajiri?

Muwati uliokauka vizuri. Msindano unafaa kuwashia tu, kwa sababu utomvu wake huwaka upesi na kurusha cheche. Blanketi langu lina matundu matatu ya kushuhudia hilo. Magogo mawili mazito yakilazwa sambamba, yakikaribiana bila kugusana, hupashana moto polepole.

Je, naweza kuingiza jiko la mkaa ndani ya kibanda cha turubai?

Hapana, hata kama mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi. Mkaa huo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala huenda asiamke. Kuacha mlango wazi hakutoshi. Badala yake, pasha moto jiwe kavu, lisiwe la mtoni, kwa sababu maji yaliyojificha ndani yake yakichemka huweza kulipasua, kisha lizungushie gunia na uliweke miguuni.

Na ulanzi kidogo?

Pombe hutanua mishipa ya ngozi, ukajisikia joto wakati mwili unalipoteza. Chemsha uji.