Jibu: Kwa nini chai ya shamba moja haifanani

Ndugu, umeuliza kwa nini shamba lako la Bushenyi lina mistari inayochipua haraka na mingine inayodorora, ilhali mbolea ni ile ile. Anza na asili ya miche. Chai nyingi ya zamani hapa Uganda ilipandwa kwa mbegu, na kila mche wa mbegu una tabia yake: huu jani pana la kijani mpauko, jirani yake jani jembamba lililokoza. Vipandikizi vya aina moja, kama ile ya Kenya iitwayo 6/8, vyote ni nasaba moja, ndiyo maana huchipua pamoja. Ila havina mzizi mkuu, kwa hiyo kiangazi kikikaza huwahi kunyauka.

Kuhusu ladha, chai ya Assam yenye jani pana kwa kawaida ina katekini (kemikali za asili za jani) nyingi kuliko ya China yenye jani dogo. Jani likisagwa na kupata hewa, sehemu ya katekini hugeuka theaflavini, ambayo huipa chai mng'ao na ule ukali wake ulimini.

Nakusihi, using'oe ya mbegu yote! Weka alama vichaka vinavyostahimili jua na kuchipua vizuri, ukate vipandikizi humo.