Cheti cha famasia sio shamba la kukodisha

SWALI: Shikamoo dokta. Nimemaliza digrii ya famasia, intern inaisha karibuni. Mjomba anasema ajira hakuna, kuna jamaa yake anafungua duka la dawa Mbagala anataka cheti changu atundike ukutani anilipe kila mwezi, mimi niendelee na mambo yangu. Nikubali? Na zaidi ya duka kuna kazi gani?

JIBU: Marahaba. Mimi sio dokta, ni mfamasia, ila nimeshazoea. Hili swali nimechoka nalo jamani, kila mwaka wakimaliza intern wanakuja na mjomba, mara shemeji, mara rafiki wa baba. Watu wamekariri kwamba cheti ni kama shamba, unakodisha we mwenyewe uko mjini unakula kodi. Mdogo wangu, pale ukutani linaning'inia jina lako. Siku binti wa kaunta kampa mjamzito dawa isiyomfaa, au oxytocin, sindano ya kuzuia mama kutokwa damu nyingi akijifungua, imelala nje ya friji wakati inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, Baraza la Famasi linaanza na wewe, na usajili ukifutwa hayo mambo yako mengine unayafanya na nini? Mjomba hatakuwepo hapo.

Kazi zipo, sema hazikufuati nyumbani. Kuna hospitali, na sio dirishani tu, wodini pia wanahitajika watu wa kupitia dozi. MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, kuna manunuzi na usambazaji, viwandani kuna ubora, makampuni ya dawa yanataka marep, yaani wawakilishi wa kuzinadi dawa zao, vyuo vinataka walimu. TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa na vifaa tiba, ndio wengi wanaidharau eti ni wapiga mihuri, wakati 2018 Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kufikishwa ngazi ya 3 kati ya 4 na WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye udhibiti wa dawa, ile ni kazi ya watu waliokaa na mafaili na maabara. Na duka nalo ni kazi nzuri tu, ukikaa dukani.

Maana haya maduka ya cheti bila mtu ndio yanauza amoksilini, dawa ya kuua bakteria, vidonge sita tu badala ya dozi nzima kwa sababu mteja ana buku, halafu mtoto haponi tunasema dawa za siku hizi feki. Na wewe mnunuzi unayesoma hapa, kabla hujatoa hela soma jina pale ukutani, uliza yuko wapi. Wakikwambia katoka kidogo, uliza anarudi saa ngapi. Mimi niliuliza hivyo siku moja, kumbe mwenye jina anaishi mkoa mwingine kabisa.