Bahasha za Benki Hazitupwi

Mwezi uliopita nilitoka benki hapa Nakuru na hati ya shamba letu mkononi, nikaipiga picha, nikaiweka mtandaoni na neno moja tu: imerudi. Tangu hapo simu haipoi. Wengi mnataka kujua nilimhonga nani. Wengine mnaomba namba ya "yule mtu wa mahakamani". Na mama mmoja wa Webuye ameniandikia saa nane za usiku: amekuta nyumba yao gazetini, kurasa za minada, na hapo ndipo mumewe alipofungua mdomo kuhusu mkopo.

Nawajibu wote kwa pamoja. Nyinyi mnaosoma hapa nawajua, ni watu wa biashara kama mimi. Mmekopa, mnakopa, au mnajipanga kukopa, na hati iliyolala benki ni jasho la miaka.

Sikuhonga mtu. Niliokolewa na bahasha.

Nina duka la vifaa vya ujenzi. Kontrakta mmoja alichukua kwangu simiti, nondo na mabati ya kujaza lori, mkononi ana mkataba wenye mihuri ya kutosha, kisha akaacha kushika simu. Hadi leo hajanilipa, nami nikashindwa kulipa benki. Mkopo niliouzungusha dukani ulikuwa umewekewa rehani shamba la Bahati, tunapoishi mimi, mume wangu ambaye ni mwalimu, na watoto. Hati iko kwa jina langu. Mwalimu alitia saini ya kukubali.

Sasa sikilizeni sheria, maana hapa ndipo watu wanapopoteza nyumba wakiwa wamelala. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 90: ukikaa mwezi mzima bila kulipa, benki inakuandikia notisi ya kwanza. Lazima iseme unadaiwa nini na kiasi gani, na ikupe miezi 3. Miezi hiyo ikiisha, benki haijaruhusiwa kuuza bado. Inaleta notisi ya pili, ya kifungu cha 96, ya kusudio la kuuza, siku 40. Nakala ya hiyo ya pili ni haki ya mume au mke aliyekubali rehani, mdhamini, na hata mpangaji. Baada ya hapo anakuja dalali, naye kanuni zake za 1997 zinamtaka akupe siku 45 za kukomboa mali, atangaze gazetini, na asiuze kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza. Jumlisha mwenyewe. Ni zaidi ya nusu mwaka, na watu wengi wanautumia kujificha.

Mimi karatasi sizitupi, ni tabia ya duka. Kila kilichotoka benki nilikiweka na bahasha yake ndani ya mkebe wa biskuti, kwa sababu muhuri wa posta una tarehe, na tarehe iliyo ndani ya barua si lazima ifanane na ya muhuri. Wakili alimwaga mkebe mezani, akazipanga bahasha moja moja kama mtu anayecheza karata, akasoma, akarudia, kisha akauliza, "Ya mwalimu iko wapi?" Nikamwambia mwalimu hajawahi kupata chochote. Akavua miwani. Nakala ya siku 40 haikumfikia mume wangu, na yangu ilitumwa kwenye sanduku la posta ambalo benki ilikuwa imeandikiwa kwamba nimelihama. Barua ya kuhama nilikuwa nayo, na muhuri wao wa kupokea.

Tulienda Mahakama Kuu kwa hati ya dharura. Shika hilo: Mahakama Kuu. Kuna wanaokimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa kuwa wanaona neno ardhi, lakini tangu 2017 Mahakama ya Rufani ilishasema ugomvi wa mkopo na rehani si wa huko. Unaweza kutupwa nje mnada ukiwa kesho. Kupata zuio, yaani amri ya kusimamisha mnada, jaji anapima mambo yaliyowekwa na kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: una kesi yenye uzito, utapata hasara isiyolipika kwa pesa, na kama ana shaka, anaangalia nani ataumia zaidi. Ukienda kulia kwamba unabishania kiasi unachodaiwa tu, kwa kawaida hupati. Ukienda na notisi yenye dosari, unasikilizwa. Mimi nilipewa zuio, kwa sharti la kuweka kiasi cha pesa ndani ya muda. Niliuza gari la duka.

Lakini jaji hakunifutia hata shilingi moja. Hili naomba lieleweke. Zuio linasimamisha mnada, deni linabaki na riba inaendelea kutembea. Benki ilianza kuandika notisi zake upya, safari hii kwa usahihi, na mwalimu akapata yake kwa mkono. Muda huo ndio tuliouhitaji. Tuliiomba benki ikubali tuuze wenyewe kipande cha chini, mnunuzi alipe moja kwa moja kwao kupitia ahadi ya wakili wake. Miezi ya sorovea, mpima ardhi, na bodi ya ardhi sitaisimulia, ilinichosha kuiishi. Kipande kiliuzwa kwa bei ya mtu anayetaka shamba, si bei ya mtu anayenusa mzoga. Deni likalipwa, hati ikarudi.

Na hao wapo. Siku lilipotoka tangazo la mnada wetu, shemeji yangu, mdogo wake mwalimu, alifika "kusalimia". Aliingia na mgeni wake, wakapita uani, na nikiwa dirishani nilimwona akihesabu hatua kutoka langoni hadi kwenye mparachichi, midomo ikimchezacheza. Kisha akaingia akanywa chai yangu. Hatujazungumza tena, na mkutano wa familia wa Desemba sitaenda. Nyinyi mnaonunua mashamba ya ndugu zenu mnadani na kusema "heri libaki kwa familia", mjue tunawaona.

Mambo mengine kwa haraka. Kabla ya nyundo kugonga, unaweza kulipa na kuchukua mali yako. Ikishagonga, haki hiyo imekwisha, na ukishinda baadaye mara nyingi utapata fidia tu, si nyumba. Shamba haliuzwi bila uthamini wa kitaalamu usiozidi miezi 12. Riba nayo ina mpaka: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, kinasema mkopo ukishaharibika, riba haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichobaki siku ulipoharibika. Omba taarifa kamili ya akaunti yako ukapige hesabu.

Mama wa Webuye, lako ni tofauti na langu. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi: rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu kama mwenzi anayeishi humo hakutia saini wala hakukubali. Nenda ofisi ya ardhi, omba nakala ya rehani na ya kibali. Kama kuna saini yako usiyoijua, au mwanamke mwingine alisimama mbele ya wakili akajiita wewe, hiyo ni jinai, ripoti polisi na umpe wakili wako nakala. Kama ulisaini ukaambiwa ni karatasi ya sacco, sema hivyo hivyo. Usiape uongo, wakili wa benki atakuvua nguo pale kizimbani. Na nyinyi wanaume mnaoficha bahasha chini ya godoro, mke akijua mapema ana la kufanya. Akijulia gazetini ana la kulia tu.

Wanaouliza kuhusu kujitangaza mufilisi: Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaruhusu, na kwa kawaida unaachiliwa baada ya miaka 3. Asiye na mali, mwenye deni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, ana utaratibu wake mwepesi wa miezi 12. Lakini hakuna kati ya hizo inayomzuia mwenye rehani kuuza alichowekewa. Kwa hiyo mikopo ya simu, sawa. Nyumba, hapana.

Wapangaji wa maduka, kama mkataba wenu ni wa mdomo, mwenye nyumba hawezi kuwafungia kufuli tu. Anatakiwa atoe notisi rasmi ya miezi 2, na nyinyi mnaipinga kwenye baraza la kodi za nyumba za biashara kabla haijaisha.

Namba ya wakili wangu sitaiweka hapa. Ingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya, tafuta jina la unayemtaka, uone kama cheti chake ni cha mwaka huu. Ukimlipa, dai risiti. Asiye na kitu aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, lakini asisubiri wiki ya mnada kwenda kupanga foleni.