Mabawa ya B-52 yakining'inia, yaache

Ndugu, umeuliza kama modeli yako ya B-52, ile ndege kubwa ya Marekani ya kudondosha mabomu, ina kasoro, kwa kuwa mabawa yananing'inia mpaka vigurudumu vya ncha vinagusa meza. Haina kasoro hata kidogo, tafadhali usiyanyooshe! Ndivyo ndege yenyewe inavyokaa ikishajazwa mafuta.

Kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili ni mita 56 hivi, na mafuta mengi yamo humo ndani ya mabawa. Yakijaa, yanainama. Ikiwa angani, hewa inayabeba na ncha zinapanda. Yameundwa yapinde makusudi: bawa gumu la urefu ule lingekuwa zito mno, na uzito hula masafa. Ndege hii huenda zaidi ya kilomita 14,000 bila kuongezewa mafuta, nayo iliruka mara ya kwanza mwaka 1952!

Ninachokipenda zaidi ni magurudumu makubwa. Yako chini ya tumbo, seti mbili mbele na mbili nyuma, nafasi ya mabomu ikabaki katikati. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, rubani huyageuza yafuate barabara ya kutua huku pua ya ndege ikitazama pembeni. Ukitaka kuionyesha ikitua, geuza seti zote nne kidogo upande mmoja.

Ukiamua kuitundika kama inaruka, ficha magurudumu, kisha lainisha mabawa kwa maji ya moto na uzipandishe ncha taratibu.