Kufunga antena ya redio kwenye paa la gari: bati lenyewe ni nusu ya antena

Mtu akinunua redio ya mawasiliano ya kufunga kwenye gari, maswali yake yote huwa juu ya redio: ina wati ngapi, ina chaneli ngapi. Antena hununuliwa mwisho kwa pesa iliyobaki, ikafungwa popote penye nafasi. Ndiyo maana kuna redio za wati 50 zinazosikika kama za wati 5. Redio haina kosa. Kosa liko juu, pale fimbo inapokutana na bati.

Fimbo unayoiona ikisimama juu ya paa ni upande mmoja tu wa antena. Upande wa pili ni bati linaloizunguka, na mkondo unaopanda kwenye fimbo lazima upate mwenzake kwenye bati hilo. Bila bati la kutosha, mkondo hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni sehemu ya nje ya kebo yenyewe. Hapo ndipo mikrofoni inapoanza kukutekenya mdomo, spika za gari zinanguruma kila ukibonyeza kitufe cha kuongelea, na wa upande wa pili anakuambia hakusikii.

Bati linatakiwa lienee kila upande wa fimbo kwa kiasi cha robo ya urefu wa wimbi. Hesabu ya fimbo ya robo wimbi ni rahisi: gawanya 71 kwa masafa yako ya megahezi, jibu ni mita. Kwa megahezi 150 unapata sentimita 47, kwa megahezi 450 unapata karibu sentimita 16. Mwenye VHF (masafa ya kama megahezi 150) basi anahitaji karibu nusu mita ya bati mbele, nyuma, kulia na kushoto, na kwenye gari dogo sehemu hiyo ni moja tu: katikati ya paa. Mwenye UHF (kama megahezi 450) ana nafasi ya kusogea. Mwenye redio ya CB (redio ya mawasiliano ya raia) ya megahezi 27 angehitaji fimbo ya zaidi ya mita mbili na nusu, jambo gumu juu ya paa, kwa hiyo fimbo zao hufupishwa kwa koili na bado zinataka bati kubwa kadiri inavyopatikana.

Ukiifunga kwenye kona, itafanya kazi, ila kwa upendeleo. Antena iliyo kona ya nyuma kushoto husikika vizuri zaidi kuelekea mbele kulia, kwa sababu huko ndiko kwenye bati jingi. Gari likigeuka, mawasiliano nayo yanageuka.

Sumaku au tundu?

Kitako cha sumaku hakigusi chuma moja kwa moja. Kinaungana na bati kupitia rangi, kama kapasita. Kwenye VHF na UHF hilo halina shida kubwa. Shida ni mambo ya kila siku: vumbi linaloingia chini yake na kusugua rangi kama msasa, na kebo inayobanwa mlangoni mpaka inakuwa bapa. Kwa gari la kukodi au la muda, sumaku inatosha kabisa. Futa paa na kitako kabla ya kukiweka, na ukitaka kukihamisha kinyanyue, usikiburute. Kabla ya kununua, pitisha sumaku ndogo juu ya paa. Kuna mapaa ya alumini, ya faiba na ya kioo, na huko sumaku haishiki. Paa la faiba au kioo halina bati la kuitumikia antena hata ukilitoboa. Kwa magari hayo tafuta kitako cha kubana kwenye ukingo wa boneti au mlango wa nyuma.

Kwa gari litakalobaki na redio kwa miaka, toboa. Watu huogopa tundu, lakini tundu lililofungwa vizuri halivuji, na mchubuko wa sumaku nao huharibu paa. Kitako kinachotumika sana ni cha aina ya NMO, nacho hutaka tundu la milimita 19, yaani robo tatu ya inchi. Vipo vinavyotaka tundu dogo zaidi. Soma karatasi yake kabla ya kushika drili.

Kazi inaanzia ndani, siyo juu. Toa ncha hasi ya betri na usubiri dakika zilizotajwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu magari mengi ya sasa yana mifuko ya hewa iliyofichwa kwenye nguzo na kando ya dari. Fungua taa ya dari, vizuia jua na vishikio, kisha shusha silingi kiasi cha kupitisha mkono na tochi. Unatafuta mambo matatu: mbavu za chuma zinazopita chini ya bati, waya za taa, na mipira ya kutolea maji kama paa lina dirisha. Ukitoboa juu ya ubavu, kitako hakitakaa. Mara nyingi sehemu nzuri ni sentimita 10 hadi 20 kutoka kwenye tundu la taa ya dari, kwa kuwa mkono unafika na kebo ina pa kushukia.

Pima kutoka kingo zote mbili za paa, juu na ndani, mpaka vipimo viafikiane. Bandika tepu ya karatasi tabaka mbili, eneo la ukubwa wa sahani, uweke alama. Gonga panchi kidogo ili ncha ya drili isiteleze. Toboa kwanza kwa ncha ya milimita 3, kisha chungulia ndani: je, umetokea ulipotarajia? Tundu la milimita 3 huzibika kirahisi. La milimita 19 halizibiki kirahisi.

Baada ya hapo tumia msumeno wa tundu, yaani kikombe chenye meno kinachofungwa kwenye drili, wenye kizuizi cha kina. Bati la paa la gari la kawaida halifiki unene wa milimita moja, kwa hiyo msumeno hupenya ghafla, na usiokuwa na kizuizi huendelea mpaka kwenye silingi. Mwendo uwe wa polepole, drili isimame wima, usiikandamize. Chengachenga za chuma usizifute kwa mkono wala kitambaa. Zivute kwa mashine ya vumbi ukiwa bado na tepu, kisha ondoa tepu kwa kuikunjia ndani. Chenga moja iliyobaki kwenye rangi ikinyeshewa itaacha doa la kutu, na mwenye gari atadhani paa linaoza.

Lainisha ukingo kwa tupa ndogo ya duara. Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayobeba kazi yote. Upande wa chini wa bati una rangi pia. Meno ya kitako yanang'ata kutokea chini, na yakiishia kwenye rangi, antena haina ethi, yaani haijaungana na bodi ya gari. Kwangua kwa kisu au msasa, pete ya upana wa milimita 5 hivi kuzunguka tundu, mpaka chuma king'ae. Juu usikwangue kitu, maana pale rangi ndiyo inayokaa na mpira wa kuzuia maji. Ukingo uliokatwa upake praima ya zinki kwa kijiti cha meno, uache ukauke, ila usiipeleke kwenye ile pete uliyokwangua. Hiyo ipake girisi nyembamba tu ili isishike kutu.

Weka kitako, shikilia mwili wake kwa chini ili kebo isijisokote, na kaza pete ya juu kwa mkono. Ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Ukikaza kupita hapo, mpira hupinda na kutoka nje, na maji yanapata mlango. Silikoni haihitajiki kama mpira ni mzima. Ukilazimika kuitumia, epuka ile yenye harufu ya siki, kwani asidi yake hula shaba na chuma.

Kabla ya kurudisha chochote, shika mita ya kupimia umeme. Kati ya ganda la kebo (wavu wa chuma ulio chini ya plastiki ya nje) na bodi ya gari kuwe na chini ya omu moja. Kati ya ganda na pini ya kati, fimbo ikiwa haijafungwa, kusiwe na mguso wowote. Ukipima fimbo ikiwa juu, usishtuke ukikuta mguso: antena nyingi zenye koili zimeunganishwa na ethi kwa makusudi.

Mwagia maji kwa mpira wa bustani dakika kumi, huku ndani umezungushia kitako karatasi ya shashi. Karatasi ikibaki kavu, endelea. Ikilowa, afadhali umejua leo kuliko baada ya silingi kurudi na kuota ukungu.

Kebo na plagi

Kebo ya kawaida ni RG-58, ya omu 50, unene wa milimita 5. Ile ya televisheni ni ya omu 75, haifai hapa. Kwa VHF, mita 5 za RG-58 zinameza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yako. Kwa megahezi 450 zinakaribia theluthi. Kwa hiyo ikizidi ikate, usiikunje chini ya kiti kama kamba ya ng'ombe. Kwenye kona, ipindishe kwa duara lisilo dogo kuliko mdomo wa kikombe.

Kwenye nguzo, kebo ipite nyuma ya mfuko wa hewa, ifuate waya za kiwandani na kufungwa nazo. Ikipita mbele ya mfuko, siku ya ajali itakuwa kombora au itazuia mfuko kufunguka. Kama hujui mfuko uko wapi, peleka gari kwa fundi anayejua.

Kwenye plagi ya PL-259, ile inayoingia kwenye redio, kuchomelea risasi kunataka chuma chenye moto wa kutosha, wati 60 kwenda juu. Chuma dhaifu hukaa muda mrefu, joto linayeyusha plastiki ya ndani, na waya wa kati unahama mpaka kugusa wavu. Unyuzi mmoja tu wa wavu ukigusa pini ya kati, kazi yote imekufa. Baada ya kulehemu pima tena kwa mita.

Kukata fimbo

Redio ya kurusha kwa kawaida huhitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano, na masafa yaliyoandikwa humo ndiyo ya kukatia fimbo, siyo yaliyoandikwa kwenye boksi. Peleka gari uwanjani, mbali na kuta na magari mengine, funga milango yote, na mtu asiegemee bodi. Rusha kwa nguvu ndogo, sekunde chache, ukisoma SWR, yaani kipimo cha nguvu inayorudi badala ya kupaa.

Soma masafa ya chini, ya kati na ya juu. SWR ikiwa nzuri chini na mbaya juu, fimbo ni ndefu: kata milimita 3, pima tena. Karibu na megahezi 150, milimita 3 husogeza kama megahezi moja, kwa hiyo subira. Ikiwa nzuri juu na mbaya chini, fimbo imeshakuwa fupi. Vuta nje kama kuna nafasi kwenye skrubu, la sivyo nunua nyingine. Ikiwa mbaya kote, acha kukata. Tatizo hilo si urefu, ni mguso: rudi kwenye ile pete chini ya bati, kisha kwenye plagi.

SWR ya 1.5 inarudisha asilimia 4 tu ya nguvu. Ukifika hapo usijisumbue. Ya 2 inarudisha asilimia 11, na ya 3 asilimia 25, na redio nyingi hapo hujipunguza nguvu zenyewe. Lakini SWR nzuri inaweza kudanganya. Kebo iliyoingia maji humeza nguvu inapokwenda na inaporudi, mita ikaonyesha raha tupu huku hakuna kinachotoka. Kebo ya namna hiyo ukiichuna utakuta wavu umekuwa mweusi au wa kijani. Haikaushwi, inabadilishwa yote.

Mwenye keria juu ya paa ana mtihani wake. Miguu ya keria ina mpira, kwa hiyo kitako kilichofungwa kwenye bomba lake hakina ethi mpaka uunganishe utepe mpana na mfupi wa shaba kutoka kwenye bomba hadi bodi. Na mzigo wa chuma ukisimama ubavuni mwa fimbo, mpimo wote wa SWR unabadilika. Pima keria ikiwa na mzigo wa kawaida.

Wiki moja baadaye jaribu kukaza pete tena, kwani mpira mpya hulala kidogo. Ukienda kuosha gari kwa mashine ya brashi, fungua fimbo na uvike kitako kofia yake ya mpira; kisiachwe wazi hata usiku mmoja, maji yakikaa juu ya ile pini ya kati huanza kuila.